Eliya Alilala Kwanza

(Hotuba iliyosomwa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi)

Najua ya kwamba wengine wenu mnanisikiliza mkiwa jikoni, chai haijachemka bado. Wengine mko njiani na vikapu mgongoni kwenda kuchuma majani chai. Na yuko mwingine ambaye hajaondoka kitandani, si kwa uvivu, ila kwa sababu mwili umekataa. Alilala saa nne akaamka saa nane za usiku, na tangu hapo amekuwa akihesabu madeni, ada za shule na maneno aliyoambiwa na jirani. Leo nataka kusema hasa na huyo wa kitandani. Lakini ninyi wengine msizime redio.

Habari yetu imo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka juu ya mlima Karmeli. Ameuona moto ukishuka, amewashinda manabii 450 wa Baali, kisha amepiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Hapo akaletewa ujumbe wa malkia Yezebeli ya kwamba kesho saa kama hii atakuwa maiti. Basi yule aliyesimama mbele ya mamia akakimbia kwa ajili ya maneno ya mtu mmoja. Akaenda mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, akaketi chini ya mti akamwomba Mungu amwondolee uhai wake.

Sisi wahubiri tukifika hapa huwa tunafanya haraka. Twataka kufika Horebu, kwenye upepo na tetemeko na ile sauti ndogo, kwa maana hapo pana mahubiri mazuri. Lakini Mungu mwenyewe hakufanya haraka. Eliya alilala. Malaika akaja akamgusa. Hakumkemea, hakumwuliza imani yake imekwenda wapi, wala hakumwambia akumbuke mambo ya Karmeli. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa tena, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilizidi nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini. Lile swali, Eliya, unafanya nini hapa, Mungu alimwuliza baadaye, mtu akiwa amekwisha kulala mara mbili na kula mara mbili.

Nitarudi kwa Eliya. Kwanza nina jambo la kuungama. Wazee wetu wa uamsho, ule ulioingia Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937, walitufundisha ya kwamba mtu hutembea nuruni kwa kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Kusema "mimi ni mwenye dhambi" hakumgharimu mtu kitu. Basi nalitaja.

Mwaka 2022 nilikuwa mchungaji wa parokia moja huku chini upande wa Mbeere. Wenye kukaa huku wanakumbuka mwaka ule. Mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na zile tulizozingojea kwa matumaini nazo zikaja kidogo zikaondoka. Mbuzi walikufa. Mimi ndimi niliyekuwa nikiandika majina ya watakaopewa mahindi ya msaada, na kila jina nililoandika lilikuwa na majina matatu nyuma yake ambayo sikuyaandika. Mchana mazishi, jioni kamati, usiku simu. Nikaanza kuamka saa nane usiku na moyo ukipiga kama mtu anayebisha mlango. Mke wangu akiniuliza neno dogo namjibu kwa ukali. Nikaona hayo ni majaribu tu, nikaongeza kufunga. Mwili uliokuwa haulali sasa ukawa haulali wala hauli.

Siku moja kwenye mazishi, nikiwa kando ya kaburi na kitabu cha sala mkononi, nilimzika mtu kwa jina la ndugu yake. Na ndugu yake huyo alikuwa amesimama mbele yangu, mzima, ameshika jembe. Watu wengine walicheka kwa kufunika midomo. Mama wa marehemu hakucheka.

Basi shemeji yangu akaja kunichukua, akanipeleka Nairobi kwa mama mmoja anayeponya kwa nishati. Nilikuwa sijui habari hizo. Kilikuwa chumba kisafi, kitanda chembamba, mapazia yamefungwa. Yule mama hakunigusa. Aliniambia nivue viatu, nizime simu, nilale chali. Kisha akaniuliza jambo ambalo katika mwaka mzima hakuna mtu aliyeniuliza: mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini? Nilishindwa kumjibu, machozi yakanitoka. Akapitisha mikono yake juu yangu, umbali wa shibiri moja, kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, akisema ya kwamba nguvu za mwili wangu zimezibwa naye anazifungua. Sikusikia mwisho wa maneno yake. Nililala saa nzima. Nilipoamka shavu langu lilikuwa limelowa mate kama la mtoto, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilisikia njaa.

Usiku ule nililala, na wa pili yake pia. Jumapili iliyofuata nikapanda mimbarani nikashuhudia. Nilisema hivi: niliwekewa mikono, na Bwana ameniponya, wala sikumeza hata kidonge kimoja. Watu wakapiga makofi na kuimba. Sikusema ni mikono ya nani, kwa maana niliona haya. Niliwaacha wadhani ninachotaka wadhani.

Katika viti vya mbele alikuwako mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mwenye miaka kama sitini, anayelea wajukuu wanne. Alikuwa na ugonjwa wa presha, na alikuwa akimeza vidonge vyake vya kila siku bila kukosa. Miezi mitatu baadaye alianguka shambani kwake asubuhi akipalilia kunde. Mkono na mguu wa kushoto ukalegea, na mdomo ukapinda. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Nilipokwenda kumwona, binti yake alinitoa nje ukumbini akafungua mkoba akanionyesha pakiti za vidonge, hazijaguswa. Akaniambia kwa adabu, bila kuinua sauti, "Mchungaji, mama alisema wewe ulipona bila dawa, naye ana imani kama wewe."

Hilo ndilo jambo.

Yule mama wa Nairobi hakuwahi kuniambia niache dawa wala niwaambie wengine waache. Nataka niseme hivyo kwa haki yake. Aliyesema ni mimi, nikiwa nimevaa kanzu na skafu, mahali ambapo watu hawawezi kuuliza swali.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kujua ni nini kilichonipata juu ya kitanda kile. Kwa maana nilipata nafuu kweli, sikubuni. Nimesoma, nimeuliza madaktari, na yale niliyoyapata nitawagawia.

Desturi hii ya kuponya kwa mikono inayopita juu ya mwili ina matawi mengi. Moja linaitwa Reiki, nalo lilianzishwa Japani na mtu aitwaye Mikao Usui mwaka 1922. Jingine lilianzishwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mwalimu wa wauguzi, Dolores Krieger, pamoja na mwenzake Dora Kunz, likaenea katika hospitali nyingi. Hao wote husema ya kwamba kuna nishati inayozunguka mwili, na mikono iliyofundishwa huweza kuisikia. Basi msichana mmoja wa Colorado, Emily Rosa, alipokuwa na umri wa miaka 9, alitaka kuona kama mikono hiyo husikia kweli. Alichukua ubao wa kadibodi akautoboa matundu mawili chini. Mponyaji anaketi upande wa pili, anapitisha mikono yake matunduni, viganja juu, hamwoni mtoto. Emily anarusha sarafu kuchagua mkono, kisha anaweka mkono wake juu ya kiganja kimoja bila kukigusa, na kuuliza: mkono wangu uko juu ya upi? Waponyaji 21 walijaribiwa, mara 280. Walijibu sawasawa mara 123. Mtu anayebahatisha tu angepata kama 140. Habari hiyo ikachapwa mwaka 1998 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, na mtoto mwenyewe akiwa mmoja wa walioiandika.

Kwa hiyo siamini ya kwamba mama yule alinifungulia nguvu zilizozibwa. Lakini nimejifunza nisiishie hapo, kwa maana msikilizaji aweza kusema, basi ni uongo mtupu, na kumbe nililala.

Mwili una mlinzi wake. Mfikirie mbwa wa boma. Chui akija, mbwa hubweka, watu wa nyumba wote huamka, mioto huwashwa, mikuki hushikwa. Hiyo ni kazi njema. Ndani yetu, juu ya kila figo, kuna tezi ndogo. Hatari ikija tezi hizo humimina katika damu maji yaitwayo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, sukari humwagwa ndani ya damu ili miguu iwe na nguvu za kukimbia, na tumbo huambiwa lingoje. Chui akiondoka, kila kitu hurudi mahali pake. Lakini mbwa akibweka usiku kucha, kila usiku, mwaka mzima, kwa upepo na kwa majani na kwa simu ya benki, watu wa boma hilo watakuwaje? Mwaka 1936 daktari mmoja wa Montreal, Hans Selye, aliandika ya kwamba panya waliotaabishwa kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa jeraha, kwa kuchoshwa, wote walipata alama zile zile: tezi za juu ya figo zimevimba, tumbo limefanya vidonda, na viungo vya kinga vimesinyaa. Taabu zilikuwa tofauti, lakini miili ilijibu kwa namna moja.

Sasa Muumba aliyeweka mbwa aliweka pia wa kumtuliza. Kuna neva ndefu itokayo kwenye ubongo ikishuka shingoni mpaka moyoni na tumboni. Hiyo ndiyo inayoupunguzia moyo mwendo. Tena haingojei tuiamuru kwa akili, kwa maana hakuna mtu anayeweza kuuambia moyo wake upunguze mwendo ukakubali. Lakini ipo njia ya mlango wa nyuma, nayo ni pumzi. Ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa hupunguza. Basi mtu akipumua polepole, kama mara 6 kwa dakika, na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta, moyo hutulia na presha hushuka kidogo. Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Herbert Benson, aliandika kitabu juu ya mambo hayo. Aliona ya kwamba mtu akiketi kimya, akafumba macho, akarudia neno moja fupi kila atoapo pumzi, na mawazo yakimtoroka akayarudisha bila kujigombeza, mwili wake hupumzika kwa namna inayopimika. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Nyanya zetu walio katika ushirika, wanaokaa kabla ya alfajiri wakirudia jina la Yesu kwa sauti ya chini, walifanya hivyo bila kitabu.

Na kuguswa je? Kuguswa nako kuna kazi yake. Katika hospitali zetu mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, naye hupata joto, hupumua vizuri zaidi na kunyonya. Njia hiyo ilianza Bogotá huko Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu mashine za joto hazikutosha, na leo Shirika la Afya Duniani laisifu. Mwili wa mwanadamu hutambua kama uko peke yake au la.

Basi nilipolala kwenye kitanda kile yalinipata mambo manne: simu ilizimwa, nililala chali, mtu aliniuliza habari zangu bila haraka, na pumzi ikarefuka. Mambo hayo yote yangeweza kufanyika nyumbani mwangu. Yalikuwa yamekosekana kwa sababu nilidhani mchungaji asiyelala ndiye mchungaji mwaminifu.

Waponyaji wa nishati hupenda sana habari ya Luka sura ya 8, ya mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, na Yesu akijua ya kwamba nguvu zimemtoka. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa neno lile katika Kiyunani, dunamis. Wao husema, waona, ni nishati. Lakini soma mpaka mwisho wa habari. Kama ingekuwa kama umeme katika waya, habari ingekoma pale alipogusa pindo. Yesu alisimama, akazuia safari ya kwenda kwa Yairo, akamtafuta kwa macho katikati ya umati, akamsikiliza aeleze mambo yake yote mbele ya watu, akamwita binti. Na Simoni wa Samaria, katika Matendo sura ya 8, ndiye aliyeona mitume wakiweka mikono akadhani ni ufundi, akatoa kibeti aununue. Petro alimjibu kwa ukali ambao sitaurudia hapa asubuhi hii.

Tena wako wanaosema, dawa ni kukosa imani. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, akaomba akilia, na Mungu akamwahidi miaka 15. Kisha Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na bado tini zikatafutwa. Na sisi wa mlima huu, Injili ilipotujia haikuja bila dawa. Mtumishi wa CMS aliyefika Kigari mwaka 1910, Crawford, alikuwa daktari. Na kule Chogoria, Waskoti walipomtuma Irvine mwaka 1922, walimtuma daktari vilevile. Babu zetu waliona sindano na kitabu vikitoka katika mkono mmoja. Ni sisi wajukuu tulioanza kuvitenganisha.

Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha ya kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Presha haina maumivu. Mtu huweza kujisikia mzima kabisa akiwa nayo. Kwa hiyo kujisikia vizuri, wapendwa, si ushahidi ya kwamba umepona. Mimi nilijisikia vizuri, nikashuhudia. Kupumzika kwaweza kuishusha presha kidogo, na ni msaada mwema kwa mwenye kumeza dawa, lakini hakuondoi dawa. Anayeweza kuziondoa au kuzipunguza ni daktari aliyekupima, baada ya kukupima tena.

Sasa naingia katika shamba la mtu, na naomba nivumiliwe. Wengi wetu tukichoka hatulali, bali twatafuna. Igembe na Tigania ni miraa, Mbeere ni muguka. Ndani ya jani mna kitu kiitwacho katinoni, nacho humwamsha mbwa yule yule niliyemtaja: moyo huenda mbio, presha hupanda, usingizi hukimbia. Dereva, mlinzi wa usiku na kijana asiye na kazi hutafuna ili wasisikie uchovu, na uchovu huwangoja mlangoni. Sisemi haya kama mtu asiyejua jani linalipa nini. Mabati ya nyumba niliyokaa Mbeere yalinunuliwa kwa sadaka, na sehemu ya sadaka hiyo ilitoka kwenye muguka, sote twajua. Nami nimekaa na wakulima Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipofunga soko mwaka 2020 mpaka 2022, na Mei 2024 serikali ya Mombasa ilipoikataza muguka. Wanaume walikuja kwangu hawajalala juma zima, nao hawakuwa wametafuna kitu. Mkulima naye ana mbwa wake. Sina neno rahisi la kuwapa katika dakika hizi zilizobaki, ila hili: kama huwezi kulala, usianze kwa kuuliza ni dhambi gani umetenda, wala ni nani amekuroga. Anza kwa kuhesabu umetafuna mangapi na ulikula saa ngapi.

Nitawaambia ninavyofanya mimi sasa. Baada ya chakula cha mchana nalala chali sakafuni juu ya mkeka, dakika 20, mlango umefungwa, simu imeachwa kwa mke wangu. Navuta pumzi nikihesabu nne, naitoa nikihesabu sita, na kila nitoapo natamka jina la Bwana moyoni. Mwanzoni watoto walidhani nimefariki. Sasa yule mdogo huja akalala kando yangu. Usiku nikiamka saa nane siamki kuhesabu majina. Nafanya vivyo hivyo, na kama usingizi hauji, basi nimepumzika. Jumatatu sizuru mtu isipokuwa kuna kifo. Wako waumini walionung'unika, nao ni haki yao.

Tunaweka mikono juu ya wagonjwa bado, kama Yakobo alivyoagiza katika sura ya 5, kwa mafuta na maombi, wazee wa kanisa wakiwa pamoja. Lakini kabla ya kuweka mikono tunauliza: umepimwa? Una dawa? Umeila leo? Yule asiye na nauli ya kliniki twamtafutia nauli kabla ya kufungua chupa ya mafuta. Na ushuhuda wa kupona hautolewi kanisani kwetu mpaka mtu ameeleza ni nini kilichofanyika, wapi, na kwa mikono ya nani. Niliweka sheria hiyo Jumapili ile nilipowaeleza waumini habari ya Nairobi, nikisimama chini, si mimbarani. Baadhi yao hawajarudi kwangu kwa moyo wote mpaka leo.

Yule mama alirudi nyumbani baada ya majuma matano. Hutembea kwa fimbo, na mkono wa kushoto hushika kikombe ikiwa hakijajaa. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani hataki kujibu. Kumbe alikuwa akitafuta maneno, kwa maana ulimi ulikuwa mzito bado. Akasema, "Mchungaji, mimi nilikuamini wewe. Nilipaswa kukuuliza."

Siku hizi, Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, muuguzi mmoja ambaye ni mwumini wetu hukaa chini ya mgrevilea ulio kando ya kanisa na mashine ya kupimia presha, na watu hupanga foleni. Mwezi uliopita mama huyo alikuwa wa kwanza, vidonge vyake vimefungwa katika leso. Alipomaliza kupimwa hakuondoka. Alinionyesha kile kiti kwa fimbo yake.

"Keti," akaniambia. "Na wewe upimwe, watu wakiona."

Nikaketi, nikakunja mkono wa kanzu. Foleni yote ikanyamaza. Presha yangu ilikuwa juu kuliko yake. Muuguzi akachukua kadi mpya, akaandika jina langu, akaniambia nifike kliniki Jumanne asubuhi. Nimekwenda. Vidonge vyangu viko hapa mfukoni, cha leo nimekwisha kukimeza kwa chai kabla ya kuja studioni.